Je, wajua chokaa hutuliza shaba ya udongoni bila kuipunguza?

Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi, uko upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911. Katika udongo uliobaki mtupu, watafiti walichanganya chokaa na mboji, wakapanda nyasi aina ya Microchloa altera.

Niliposikia habari hiyo nilidhani chokaa huifuta shaba, kama dawa inavyoua kijidudu. Nilikosea kabisa. Shaba ni elementi: haiozi, haiungui, wala haigeuki kuwa kitu kingine, na asiyeichota kwa koleo anaiacha palepale. Ukiuchemsha udongo huo, kabla na baada ya chokaa, katika maji ya kifalme, ule mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha hata dhahabu, jumla ya shaba inabaki karibu ileile. Hata hivyo, nyasi imeota.

Siri iko kwenye viti. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, nayo shaba ina chaji chanya, hivyo hushikana kama abiria na kiti cha taksi-basi. Udongo ukiwa mchachu, hidrojeni, nayo yenye chaji chanya, hujaza viti, shaba ikabaki imesimama mlangoni, yaani ndani ya maji ya udongo, ambako mzizi huinywa na mvua huisukuma chini kuelekea kisimani. Na pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, ikishuka kutoka 6 hadi 5, hidrojeni hiyo huwa mara 10. Chokaa huishusha hidrojeni, mboji huongeza viti, na shaba hukaa. Nyingine hugeuka mashapo yasiyoyeyuka kwa urahisi.

Ndiyo maana maabara hufanya kipimo cha pili, cha upole mno: gramu 10 za udongo mkavu uliochekechwa hutikiswa kwa saa 2 katika mililita 100 za mmumunyo hafifu wa kalsiamu kloridi. Hapo huhesabiwa waliosimama mlangoni tu, na hao ndio hupungua.

Lakini chokaa haizuii vumbi linalotua juu ya majani ya mboga ya lengalenga, na mvua huimaliza polepole, hivyo hurudiwa. Arseniki, sumu inayoweza kuandamana na shaba, nayo ni mkaidi: udongoni kwa kawaida huambatana na oksijeni na kubeba chaji hasi, kwa hiyo chokaa ikizidi, yenyewe huweza kushuka kwenye kiti.