Ushuru wa Nyumba za Kupangisha Hutozwa kwenye Kodi Yote ya Pango Iliyopokelewa, Si kwenye Faida

Tangu Januari 1, 2024, kiwango cha ushuru wa kila mwezi kwa mapato ya nyumba za kuishi za kupangisha nchini Kenya kilishuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5. Tulitarajia nafuu hiyo ipunguze malalamiko yanayofika kwenye madawati yetu ya huduma katika Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Yamebaki palepale, na mengi yanatokana na wenye nyumba wanaofanya hesabu kwa namna ambayo sheria haiitambui, kisha wakashangaa wanapopata notisi.

Ushuru huu unamhusu mkazi wa Kenya ambaye kodi ya nyumba zake, yaani pesa ya pango, inazidi shilingi 288,000 lakini haizidi shilingi milioni 15 kwa mwaka. Hutozwa kwenye kodi yote aliyopokea mwezi huo kabla ya kuondoa gharama yoyote. Mwenye ploti ya vyumba kumi, kila kimoja shilingi 6,000, akipokea kodi ya vyumba vyote atalipa shilingi 4,500. Wapangaji wawili wasipolipa mwezi huo, ushuru wake ni shilingi 3,600, na deni la wawili hao litahesabiwa mwezi watakapolipa. Amana ambayo mpangaji atarudishiwa si mapato, ila ikizuiliwa kufidia kodi ambayo hakuilipa, inakuwa mapato siku hiyo.

Lazima niseme waziwazi kwamba mkopo wa benki hauondoi ushuru huu. Ada za ardhi zinazolipwa kwa kaunti haziuondoi pia, kwa kuwa hizo ni za kaunti na zinatozwa kwa sababu nyingine kabisa. Vilevile mwajiriwa anayekatwa ushuru kwenye mshahara hajamaliza wajibu wake, kwa sababu kilichokatwa ni ushuru wa mshahara, wala si wa nyumba. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na bado hoja hizi tatu ndizo zinazoletwa mbele yetu kana kwamba ni stakabadhi za malipo.

Mwenye gharama kubwa hakuachwa bila njia. Anaweza kumwandikia Kamishna wa ushuru wa KRA akachagua kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo riba ya mkopo, ukarabati, bima, ada za kaunti na malipo ya wakala huondolewa kwanza, kisha faida inayobaki hujumlishwa na mapato yake mengine. Marejesho ya mkopo wenyewe hayaondolewi. Kinachoondolewa ni riba tu. Kabla ya kuchagua, na hasa kabla ya kujenga, ni vyema mwekezaji apige hesabu. Tuchukue ile ploti yenye kodi ya shilingi 720,000 kwa mwaka, na mwenyewe awe ni mwajiriwa ambaye mapato yoyote yanayoongezeka juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30. Kwa utaratibu wa mwezi atalipa shilingi 54,000 kwa mwaka. Akiwa na riba ya shilingi 400,000 na gharama nyingine za shilingi 150,000, faida ni shilingi 170,000 na ushuru wake ni shilingi 51,000. Tofauti ni ndogo sana. Kwa mtu wa ngazi hiyo, utaratibu wa mwaka humfaa pale tu gharama zinazokubalika zinapopita robo tatu ya kodi yote, na lazima aweze kuzithibitisha kwa stakabadhi zilizotunzwa kwa miaka mitano.

Taarifa ya mwezi huwasilishwa kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na ushuru kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi ambao vyumba vyote vilikuwa vitupu pia una taarifa yake, inayoonyesha mapato sufuri. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kiasi chochote kilicho kikubwa. Kampuni hutozwa shilingi 20,000 au asilimia 5. Anayechelewa kulipa huongezewa asilimia 5 ya ushuru uliobaki pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kwa mwenye ploti yetu, kusahau mwezi mmoja ni shilingi 2,000 za taarifa, shilingi 225 za malipo na shilingi 45 za riba kila mwezi. Anayenyamaza mwaka mzima hufikisha shilingi 24,000 za adhabu ya taarifa peke yake, hata kama hakupata mpangaji hata mmoja.

Maduka ya ghorofa ya chini hayaingii katika utaratibu huu, kwa hiyo kodi yake itenganishwe na kutangazwa katika taarifa ya mwaka. Kodi ya nyumba isiyozidi shilingi 288,000 kwa mwaka hutangazwa huko pia. Kwa asiye mkazi, kiwango ni asilimia 30 ya kodi yote. Hata hivyo Mkenya anayefanya kazi katika nchi za Ghuba na mwenye makao ya kudumu hapa nyumbani huhesabiwa kuwa mkazi kwa mwaka wowote aliokanyaga nchini, basi asijitoze kiwango hicho kabla hajauliza.

Kumwachia msimamizi au wakala kazi ya kukusanya kodi hakumhamishii wajibu huu. Hata pale wakala aliyeteuliwa rasmi na Kamishna anapozuia asilimia 7.5 na kuiwasilisha ndani ya siku tano za kazi, mwenye nyumba bado hujaza taarifa yake na kuambatisha cheti cha ushuru uliozuiwa.

Aliye na miezi ya nyuma aanze kwa kuwasilisha taarifa zote zilizokosekana, kuanzia ile ya zamani zaidi, akitumia daftari la kodi, taarifa za benki na za M-Pesa. Baada ya hapo anaweza kuomba kwa maandishi kulipa deni kwa awamu. Riba itaendelea kuhesabiwa kwenye salio katika kipindi hicho, ingawa haiwezi kuzidi ushuru wenyewe.