Kazi nzuri haijiuzi yenyewe

Wengi hujificha nyuma ya "kizuri chajiuza" wakaona kutaja mafanikio yao kwenye wasifu wa kuombea kazi (CV) ni majigambo. Lakini anayesoma wasifu wako hakuwepo ulipokuwa unatoa jasho, ataonaje? Majigambo ni sifa zisizo na ushahidi: "mchapakazi", "mbunifu". Majukumu matupu nayo hayasaidii. "Nilihusika na huduma kwa wateja" hata msinziaji wa ofisi anaweza kuiandika. Afadhali: "Nilipanga upya zamu za dawati la malalamiko; majibu yaliyochukua siku 5 yakawa yanatoka ndani ya siku 1." Tatizo, ulichofanya, kilichobadilika. Takwimu zikiwa siri ya mwajiri, eleza badiliko bila namba. Na kama mlikuwa timu, taja kipande chako tu; kwenye usaili utaulizwa.