Harry Belafonte jukwaani: mwigizaji aliyeimba

Bendi za hotelini Arusha na Moshi zina nyimbo ambazo haziwezi kuzikwepa. Wageni wakimaliza kula, mmoja ataomba "Malaika", mwingine ataomba ule wimbo wa ndizi wa Jamaica. Zote mbili Harry Belafonte alizirekodi, na waimbaji ninaowanoa humuiga kwa kukwaruza sauti kidogo na kuacha shati wazi kifuani. Wanashika ganda wanaacha kiini. Sauti ya Belafonte haikuwa kubwa kiasi hicho. Alikuwa mwigizaji, na karibu kila alichokifanya ndani ya wimbo alikitoa kwenye uigizaji.

Alizaliwa Harlem, New York, Machi 1, 1927, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaica kwa bibi yake. Alitumikia jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi New York akawa msaidizi wa mtunza majengo. Huko mpangaji mmoja alimpa tiketi za kwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Akanasa. Akajiunga na darasa la mwongozaji wa michezo ya kuigiza Erwin Piscator, alikosoma pia mwigizaji Marlon Brando. Kuimba kulikuja baadaye, kwa ajili ya ada: mwaka 1949 alianza kupanda jukwaani klabu ya Royal Roost akiimba nyimbo za mapenzi zilizokuwa zikivuma. Hazikumkaa. Aliziacha, akaenda kusikiliza rekodi za nyimbo za jadi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 1951 akarudi jukwaani katika klabu ya Village Vanguard akiwa na kazi mpya kabisa. Mwaka 1954 akapata Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani, na mwaka 1960 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Emmy, tuzo ya televisheni.

Filamu ya *Carmen Jones* ya 1954 inaonyesha kuliko zote kwamba alikuwa mwigizaji kwanza. Belafonte na Dorothy Dandridge ndio wanaoonekana, lakini muziki wa filamu hiyo ni wa opera, kwa hiyo sauti zinazoimba ni za watu wengine: LeVern Hutcherson upande wake, Marilyn Horne upande wa Dandridge. Itazame uangalie pumzi yake, shingo na macho. Hatoi sauti hata moja ya wimbo, lakini bado unaamini kwamba yeye ndiye anayeimba.

Sasa wimbo wa ndizi, "Day-O". Upo kwenye albamu ya *Calypso* ya 1956, iliyokaa namba moja Marekani kwa majuma 31, na nyimbo nyingi za albamu hiyo ziliandikwa na Irving Burgie. Jina la albamu linapotosha kidogo. Kalipso ni muziki wa Trinidad, na nyimbo hizi nyingi zina damu ya Jamaica, upande wa mento, muziki wa jadi wa huko. Belafonte mwenyewe hakustarehe na cheo cha "Mfalme wa Kalipso".

Wanaoimba ndani ya "Day-O" ni vibarua wa bandarini. Wamepakia mikungu melini usiku kucha, kumekucha, na wanamsubiri karani aje ahesabu mikungu ili waende nyumbani. Mtu aliyeona mikungu ikipakiwa kwenye lori Marangu Mtoni hahitaji kuelezwa mgongo unavyokuwa baada ya kazi ile. Ndiyo maana naumia bendi inapoupiga kwa kasi ya sherehe tangu mwanzo. Wito wa kwanza ni wa mtu aliyechoka. Hauna mapigo, unaning'inia tu. Ukiuharakisha umeshaua nusu ya wimbo.

Kosa la kwanza hutokea hapo hapo. Kwa kuwa hakuna chombo kinachompa noti, mwimbaji akiwa na presha huanza juu kuliko noti inayotakiwa, na gitaa likiingia ufunguo wake unagongana na wa bendi. Dawa yake ni ndogo: mpiga gitaa la rizimu aguse D taratibu, chini chini, wakati makofi ya wimbo uliotangulia bado yanalia, na mwimbaji aishike kichwani. Kodi za gitaa (noti zinazopigwa kwa pamoja) ni mbili tu, D na A7. Hiyo A7 huingia karibu na mwisho wa kiitikio, na D hurudi kwenye neno la mwisho. Kiitikio hakibadiliki kamwe, kiongozi ndiye anayebadilika. Waitikiaji wakianza kupamba, kila mmoja na sauti yake ya pembeni, kiongozi hana tena pa kuegemea. Waambieni waimbe wote sauti moja, kavu, kama watu waliokwisha imba hivyo tangu saa mbili usiku.

Kuhusu maiki, mtu hukaa upana wa vidole vinne anapoongea kwa upole, na anapotoa wito huirudisha nyuma urefu wa kuanzia kiwiko hadi kiganja. Kwenye bustani za hoteli, upepo wa jioni ukipiga maiki isiyo na sponji, spika hutoa mvumo unaomeza maneno. Na mwimbaji akipenda kuwafuata wageni mezani akapita mbele ya spika, mluzi utampata tu. Chora mpaka wake kabla ya onyesho.

"Matilda" ndio wimbo wa kujifunzia kazi ya kuwafanya watu waimbe. Katika rekodi ya Carnegie Hall ya Aprili 1959, Belafonte anaurefusha kwa zaidi ya dakika 11. Anaugawa ukumbi, anaita upande huu, anaita ule, kisha anawaita wanawake waliozidi miaka 40, na ukumbi mzima unacheka. Hakuna anapowapigia watu kelele waimbe. Kwanza wanasikia kiitikio mara kadhaa kutoka kwa bendi, halafu vyombo vinashuka, pengo linabaki, na wao wanaliziba. Bendi zetu hukosea kwa kuomba kabla ya kufundisha. Kosa jingine ni ufunguo: wageni wa kawaida hawafiki noti za juu sana bila kukaza koo, na wakishindwa mara moja hawarudi tena.

Kwa "Malaika" sina mengi. Belafonte aliuimba na Miriam Makeba katika albamu yao ya 1965, iliyopata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka uliofuata. Nani aliutunga ni ubishi wa muda mrefu, na majina ya Fadhili William na Adam Salim hutajwa sana. Wenye Kiswahili chetu tuna nafasi ya kuuimba vizuri kuliko yeyote, lakini nasikia vijana wakimeza irabu ili wafanane na santuri ya wageni. Kila silabi ipewe noti yake, na mwendo uwe wa kutembea.

Pesa ya jukwaani aliitumia. Mwaka 1959 yeye, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson waliweka sahihi barua ya kuchangisha nauli za wanafunzi ambao Tom Mboya wa Kenya alikuwa akiwapeleka kusoma Marekani, na wanafunzi 81 wakaruka kwenda huko mwaka huo. Mwaka 1964 yeye na Poitier walipeleka wenyewe dola 70,000 taslimu Greenwood, Mississippi, kwa wanaharakati waliokuwa wakiandikisha wapiga kura weusi. Alifariki Aprili 25, 2023, akiwa na miaka 96.

Anayetaka kuanza aanze na hiyo rekodi ya Carnegie Hall, kwa spika za masikioni. Mara ya kwanza afuate ngoma peke yake na kuandika kila mahali inapoacha kupigwa. Mara ya pili amfuate Belafonte, aone anafanya nini katika kila pengo hilo.