Je, wajua kwa nini Vita vya Pili vya Dunia vilipenda kuingia Jumapili, watu wakiwa wamekaa na redio?

Chukua kalenda ya zamani uangalie tarehe hizi. Uingereza inatangaza vita na Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939, Jumapili. Ndege za Hitler zinaishambulia Belgrade tarehe 6 Aprili 1941, Jumapili, tena ya Matawi. Jeshi lake linaivamia Urusi ya Kisovieti 22 Juni mwaka huohuo, Jumapili. Halafu Wajapani wanaipiga Pearl Harbor, bandari ya meli za vita za Marekani kule Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, nayo, ndio, Jumapili. Hivi hawa watu hawakuwa na siku nyingine?

Ile ya Uingereza tuiweke pembeni, maana ilitokea tu. Hitler aliingia Poland Ijumaa, Waingereza wakampa muda, muda ukaisha Jumapili saa 5 kamili asubuhi na robo saa baadaye waziri mkuu Chamberlain akawa kwenye maiki. Lakini hizo za 1941 anayeshambulia ndo alichagua siku, na sababu haihitaji ujenerali kuielewa: Jumapili maofisa wamelala, nusu ya askari wako likizo, ofisini kabaki kijana mmoja wa zamu anayepiga miayo. Ila ni hiyohiyo Jumapili ambayo kila mtu yuko nyumbani na redio imewashwa, kwa hiyo siku inayokupa nafasi nzuri ya kuvizia ndo hiyohiyo inayoipeleka habari yako kila nyumba ndani ya dakika chache. Sidhani kama kuna siku inayoonyesha hilo vizuri kuliko 7 Desemba 1941, tuifuate na redio yetu kuanzia alfajiri.

Cha kwanza ujue redio yenyewe ilikuwa kitu gani. Kwa Marekani sensa ya 1940 ilikuta nyumba kama 83 kati ya kila 100 zina redio, na sio kale kadude ka mfukoni, ni kabati la mbao limekaa sebuleni, ndani lina valvu za kioo, ukiwasha unasubiri kwanza zipate moto ndo sauti ianze kuja. Kwa hiyo watu walikuwa wanakaa nayo pamoja, baba mama watoto na mgeni kama yupo. Jumapili asubuhi ni ibada na kwaya, ile kwaya kubwa ya Wamormoni wa Salt Lake City ilikuwa hewani tangu 1929. Mchana ni mdahalo wa maprofesa, mpira, na muziki wa okestra kutoka New York. Usiku sasa ndo utamu wenyewe, vichekesho: saa 1 Jack Benny, saa 2 Edgar Bergen na mwanasesere wake Charlie McCarthy, na ndiyo, mwanasesere redioni, humuoni midomo wala nini na bado alikuwa staa, mi hadi leo naona hiyo ni kazi ya ajabu.

Na karibu vyote hivyo vilikuwa laivu. Mitandao mikubwa, NBC na CBS, haikutaka kupiga programu za kurekodi, waigizaji wanasimama mbele ya maiki wanasoma karatasi na kama ni okestra basi iko pale pale ukumbini inapiga. Shika hilo la laivu.

Sasa twende Honolulu, mji wa Hawaii ulio jirani na Pearl Harbor, usiku wa kuamkia hiyo Jumapili. Kawaida stesheni ya redio ya KGMB ilikuwa inazima usiku, ila jeshi lilikuwa na mpango nayo: likiwa na B-17, zile ndege kubwa za kudondosha mabomu, zinakuja toka California, linaomba stesheni ipige muziki hadi asubuhi ili marubani wapate njia. Inavyofanya kazi ni hivi, ndege ina antena ya duara inayogeuzwa, ukiigeuza sauti inapanda au inafifia, ukiangalia imefifia upande gani unajua stesheni iko wapi, unaielekea tu. Tatizo muziki wa redio hauchagui nani aufuate. Kaskazini mwa visiwa kulikuwa na manowari 6 za Kijapani za kubeba ndege, na Mitsuo Fuchida aliyeongoza kundi la kwanza aliikamata hiyohiyo stesheni ya Honolulu, akarekebisha mwelekeo wake, na juu ya hapo akapata taarifa ya hali ya hewa. Yaani mwenyeji kamuwashia taa mwizi.

Haikuishia hapo. Dakika chache baada ya saa 1 asubuhi askari wawili kwenye rada ya Opana, Joseph Lockard na George Elliott, wakaona kundi kubwa la ndege liko zaidi ya kilometa 200, wakapiga simu. Aliyepokea ni luteni mmoja mgeni na kazi, Kermit Tyler, ambaye alfajiri akiwa anaendesha gari kwenda zamu alikuwa ameusikia ule muziki kwenye redio, na rafiki yake rubani alishamwambia ukisikia stesheni inapiga muziki usiku kucha ujue B-17 zinakuja. Akajumlisha moja na moja akawaambia wasijali. Na kweli B-17 kumi na mbili zilikuwa zinakuja hiyo asubuhi, tena zikatua katikati ya mabomu maskini, ila zile za kwenye rada zilikuwa za Fuchida. Watu wamemsema sana huyu Tyler miaka yote, mi naona alitumia akili ya kawaida kabisa kwa alichokuwa anakijua.

Saa 1:55 asubuhi mabomu yakaanza. Bandari imejaa meli za vita kwa sababu wikiendi ndo zilikuwa zinarudi, na Wajapani walilijua hilo, walikuwa na mpelelezi wao Takeo Yoshikawa kwenye ubalozi mdogo wa Japani Honolulu anayehesabu meli zikiingia na kutoka. Wamarekani 2,403 walikufa siku hiyo. Pale KGMB mtangazaji Webley Edwards akawa anawapigia kelele wasikilizaji kwamba haya sio mazoezi ni kweli, maana watu walikuwa wanaangalia moshi na kusema aah jeshi linajifua. Kabla ya mchana stesheni za visiwani zikaamriwa zizime, somo la usiku ule lilishaeleweka.

Saa 1:55 ya Hawaii ilikuwa saa 7:25 mchana New York na Washington, watu wametoka kanisani wamekula wamejinyoosha. Rais Roosevelt alipigiwa simu kama saa 7:47 akiwa mezani na msaidizi wake Harry Hopkins. Msemaji wake Stephen Early akapiga simu kwa mashirika ya habari saa 8:22, na hapo mashine za teleprinta zikaanza kulia kengele kwenye vyumba vya habari nchi nzima. Ona sasa kasi yake: saa 8:26 mtandao wa Mutual ukakata matangazo ya mpira kwa wasikilizaji wa New York, saa 8:30 kasoro sekunde NBC nayo ikaingia, na CBS ilikuwa na kipindi chake cha habari saa 8:30 hiyohiyo, kwa hiyo John Daly akaanza nayo moja kwa moja. Toka simu ya Early hadi sebuleni kwa mwananchi ni dakika kama nane tu, hakuna setelaiti hakuna nini. Ndo maana nikasema ushike lile la laivu, ukiwa na mtu kwenye maiki tayari na laini imeunganishwa na stesheni mamia, kuingiza karatasi moja ni kumpa tu asome.

Waliokuwa uwanjani wakabaki nyuma ya waliokaa nyumbani. New York, uwanja wa Polo Grounds, Dodgers wa Brooklyn wanacheza na Giants futiboli ya Kimarekani, watu wa majumbani wameshasikia ila majukwaani wanashangilia tu, mara spika inamwita kanali William Donovan apige simu haraka. Donovan ndo alikuwa mkuu wa ujasusi wa Roosevelt. Washington ndo ilikuwa zaidi, Griffith Stadium kulikuwa na watu zaidi ya 27,000 wanaangalia timu nyingine za futiboli, Redskins na Eagles, spika inaita jenerali fulani, admirali fulani, mwandishi fulani aripoti ofisini kwake, wanaondoka mmoja mmoja, na wenye uwanja wakakataa kutangaza kuna nini. Mechi ikachezwa ikaisha 20-14, watu wanatoka nje ndo wanakutana na wauza magazeti. Kwa mji mkuu wa nchi ambayo imeshaingia vitani saa kadhaa zilizopita, hiyo kidogo inachekesha.

Kama saa 10 jioni NBC wakapata laini ya Honolulu, jamaa wa stesheni ya KGU kapanda juu ya paa la jengo la gazeti la Advertiser ana maiki anaelezea mapigano anayoyaona, anasisitiza huu sio utani ni vita vya kweli. Alikuwa na sababu ya kusisitiza. Miaka mitatu nyuma, 30 Oktoba 1938 (Jumapili, ulidhani siku gani?), Orson Welles alirusha mchezo wa redio wa viumbe wa Mars wanaivamia dunia, uliopangwa kama taarifa za habari zinazokatiza muziki, na baadhi ya watu wakaamini, ingawa ile hofu ya nchi nzima ilikuzwa sana na magazeti. Kwa hiyo 1941 kuna waliosikia habari ya Pearl Harbor wakasema safari hii hamtupati. Jamaa wa KGU hakumaliza, opereta wa simu akaingia katikati anataka laini kwa simu ya dharura, ikakatika.

Usiku vichekesho viliendelea. Jack Benny alikuwa hewani saa 1 kama kawaida, taarifa zikiingia na kutoka. Kabla yake kidogo Eleanor Roosevelt, mke wa rais, ambaye alikuwa na kipindi chake cha Jumapili kinachodhaminiwa na wauza kahawa, ndo akawa wa kwanza kutoka Ikulu kuongea na wananchi juu ya vita, mumewe alisubiri hadi Jumatatu mchana bungeni.

London nako. Wakati habari inasambaa Marekani kule ilikuwa saa 3 usiku, na saa 3 usiku kwa Mwingereza wa vita ni kitu cha kuheshimu: Big Ben inalia, halafu taarifa ya habari, na msomaji anataja jina lake, kitu walichoanza 1940 ili Mjerumani asije akajifanya BBC siku akivamia. Churchill, ambaye sasa ndo waziri mkuu, alikuwa Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu nje ya London, na wageni wawili Wamarekani, balozi Winant na Averell Harriman, wakawasha kiredio kidogo alichopewa zawadi na Hopkins. Habari ya Japani ikapita katikati ya nyingine, nusu ya waliokuwepo hawakuishika vizuri, wakawa wanabishana tumesikia nini, hadi mtumishi wake Sawyers akaingia akasema ni kweli, na sisi huko nje tumesikia. Serikali nzima, ina mashushushu na misimbo, waziri mkuu anapata habari kubwa kuliko zote kwa redio pamoja na mtumishi.

Tena Jumapili ya BBC hapo ilikuwa imeshanyooka. Kabla ya vita mkurugenzi John Reith aliifanya siku ya ibada na mambo mazito, kwa hiyo Waingereza wengi Jumapili walihamia Radio Luxembourg na Radio Normandy kusikiliza muziki na matangazo ya biashara. Vita ilipoanza hizo zikanyamaza, na wiki za mwanzo BBC yenyewe ilikuwa ni taarifa na kinanda cha Sandy MacPherson, kinanda asubuhi kinanda jioni, wasikilizaji wakaandika barua za kulalamika. Kilichobadilisha ni askari: mwanzoni mwa 1940 BBC ikafungua programu yao maalumu yenye burudani, Jumapili ikiwemo.

Na kwetu? Nairobi ilikuwa na stesheni tangu 1928, ila redio nyumbani kwa Mwafrika ilikuwa nadra, wengi walipata habari kwa gazeti kama Mambo Leo au Baraza, linasomwa na mmoja wanasikiliza kumi. Redio ya Dar es Salaam ilikuja 1951. Lakini ile Jumapili ilitufikia kwa njia nyingine. Siku kumi hivi kabla yake, mwishoni mwa Novemba 1941, askari wa KAR, jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika wa Afrika Mashariki, walikuwa wamemaliza kazi na Waitaliano kule Gondar, Ethiopia, na pengine walidhani wanarudi makwao. Japani kuingia vitani ndo kukawapeleka Ceylon (Sri Lanka ya leo) na baadaye Burma (Myanmar ya leo), ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana 1944 kwenye bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria.

Kuna kitu kimoja zaidi. Ukisoma kumbukumbu za Wamarekani wa enzi hizo wengi wanasema walikuwa wanasikiliza okestra ya New York ikakatizwa. Okestra ilianza saa 9, Rubinstein akipiga piano, habari ilishatoka nusu saa nzima. Mwanasaikolojia Ulric Neisser naye, aliyekuwa anakaribia miaka 13 siku hiyo, alikumbuka maisha yake yote kwamba alikuwa sebuleni anasikiliza besiboli ikakatizwa, hadi alipokuwa mtu mzima akashtuka: Desemba hakuna besiboli! Akaliandika hilo 1982 kuonyesha kwamba kumbukumbu tunayoiona safi kabisa inaweza kuwa ya uongo. Halafu miaka minne mbele watafiti wengine wakamjibu kwamba labda hakukosea sana, kwani mechi iliyokatizwa ilikuwa ya Giants na Dodgers, na New York kulikuwa na timu za besiboli zenye majina hayohayo, na hiyo ya futiboli ilipigwa kwenye uwanja uleule wa besiboli, Polo Grounds. Dodgers walishinda 21-7.