Si kila kinachowaka ukutani ni sanaa shirikishi

Tangu mwaka 2008, ilipoanza Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili nchini Kongo yaliyoasisiwa na shirika la sanaa liitwalo Picha, wakaaji wa mji huu wamezoea kukuta video, sauti na mitambo katika kumbi za sanaa. Pamoja na mazoea hayo, neno "shirikishi" limeenea hadi kwenye matangazo ya maonyesho ya wanafunzi, ambako siku hizi hubandikwa juu ya chochote kinachotumia projekta. Kazi ya sanaa ya kidijitali iliyo shirikishi ni mpangilio wa vitu, mwanga, sauti au picha mahali pa kuingia watu, wenye vihisi vinavyotambua tendo la mgeni na programu inayoubadilisha mpangilio huo kulingana na tendo hilo. Fasili ni hiyo tu, na wengi huikubali bila ubishi. Ugumu huanza pale wanapoitumia.

Video inayojirudia ukutani mchana kutwa haibadiliki kwa ajili ya mtu yeyote, hata ikiwa nzuri namna gani. Kuiwekea kitufe cha kuianzisha hakuifanyi kuwa shirikishi, kwa kuwa mgeni aliyekibonyeza ataona yale yale aliyoyaona mwenzake wa asubuhi. Mwenye redio anaweza kuiwasha, kuizima na kuongeza sauti, lakini mtangazaji hajui kama chumbani mna mtu, na taarifa ya habari haigeuki kwa sababu yake. Wala picha ambazo wageni hupiga wakiwa wamesimama mbele ya mwanga haziifanyi kazi kuwa shirikishi, maana hapo kinachowajibu ni simu zao wenyewe.

Kuna sharti jingine ambalo husahaulika hata na mafundi wazuri: mgeni atambue kwamba anajibiwa. Mwaka 1969 Myron Krueger, mmoja wa watangulizi wa sanaa ya kompyuta, wakati huo akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alishiriki kutengeneza Glowflow, chumba chenye giza ambamo sakafu ilihisi uzito wa nyayo na kompyuta ikaamuru mwanga na sauti. Majibu yalicheleweshwa kwa makusudi ili chumba kibaki na utulivu, na matokeo yake ni kwamba wengi waliopita humo hawakujua kuwa wao ndio waliosababisha waliyoyaona. Kiufundi kila kitu kilifanya kazi, lakini mazungumzo kati ya mtu na mtambo hayakuwapo. Katika kazi yake ya mwaka uliofuata, Metaplay, Krueger aliwaonyesha wageni taswira zao wenyewe zikichorewa mistari papo hapo, na hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba anajibiwa.

Vifaa si kisingizio kikubwa tena. Kadi ndogo za kielektroniki za Arduino, zinazosoma vihisi na kuamuru taa au sauti, ambazo zilianza mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, zilikusudiwa wanafunzi wasiosomea uhandisi, na zilijengwa juu ya Wiring, mfumo wa kadi na programu uliokuwa mradi wa shahada ambao Hernando Barragán aliuanza akiwa mwanafunzi wa huko. Tuseme wanafunzi wa Lubumbashi wanatundika vipande vya shaba ukutani na kuviunganisha na kadi ya namna hiyo. Shaba hupitisha umeme, na mkono unapoigusa, kadi hupima badiliko dogo la chaji. Ikiwa kila mguso unaanzisha wimbo ule ule uliorekodiwa, tumerudi kwenye kitufe, ingawa ni kitufe cha kupendeza. Ikiwa sauti inategemea nani ameshika kipande gani, kwa muda gani, na wangapi wameshika kwa pamoja, basi ukuta huo unastahili jina lake.

Kwa hiyo anayeandaa tangazo afunike vihisi kwa kitambaa kabla ya kuchagua maneno. Kazi ikiendelea kama kawaida, aandike "video" au "usimikaji wa sauti na mwanga", majina ambayo kazi nyingi zinazoheshimika duniani huyabeba bila kupungukiwa na chochote.