Jina la Wai-fai Si Ukuta

Niliketi mapokezi katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi, nikaunganisha simu yangu na wai-fai ya wageni, nikaandika anwani ya ndani ya mtandao, 192.168.1.20, kwenye kivinjari, na ukurasa wa mipangilio ya printa ya wahasibu ukafunguka bila hata kuniuliza nenosiri. Mteja wangu alikuwa na majina matatu ya wai-fai, la wafanyakazi, la wageni na la kamera, naye aliamini kwamba ana mitandao mitatu. Alikuwa na mmoja wenye milango mitatu.

Majina hayo matatu yalitokana na kituo pepe, yaani uwezo wa kifaa kimoja cha wai-fai kujitangaza, kwa redio ileile, kana kwamba ni vifaa kadhaa, kila kimoja kikiwa na jina lake na kanuni zake za usalama. Kwa njia hiyo wafanyakazi huweza kutakiwa wajithibitishe mmoja mmoja kwa 802.1X, utaratibu wa kumtambua kila mtumiaji kwa utambulisho wake, huku wageni wakipewa nenosiri moja la pamoja la WPA2, mfumo wa usalama wa wai-fai, linalobadilishwa kila Jumatatu. Utengano huo, hata hivyo, huishia hewani. Data ikishaingia kwenye waya, kinachoitenganisha ni lebo ya VLAN (mtandao pepe ndani ya waya uleule), yaani nambari kati ya 1 na 4094, na pale hapakuwa na lebo yoyote. Niliweka lebo 10, 20 na 30, moja kwa kila jina, nikauruhusu mlango wa swichi, kifaa kinachounganisha waya za ofisi, upitishe zote tatu, kisha nikaandika kwenye ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao, kanuni za kuwazuia wageni wasifikie VLAN nyingine. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika mno, ilhali ruta isipokatazwa huunganisha VLAN zote inazozihudumia. Ndiyo kazi yake. Nilirudi mapokezi, nikaandika anwani ileile, na kivinjari kikazunguka mpaka kikakata tamaa.

Mteja alipoonja utamu huo, akataka jina kwa kila idara, manane kwa jumla. Nilikataa. Kwa kawaida kila jina hutangazwa takriban mara 10 kwa sekunde, tena kwa kasi ya chini kabisa inayoruhusiwa, ambayo kwenye masafa ya 2.4 GHz mara nyingi ni megabiti 1 kwa sekunde. Tangazo la baiti 300 huchukua zaidi ya milisekunde 2.4, hivyo majina manane hula karibu asilimia 20 ya muda wa hewani kabla mtu hajatuma hata barua pepe moja, na hapo sijahesabu majirani wa ghorofa za juu na chini wanaogombania chaneli zilezile. Mimi sivuki majina manne. Seva ya RADIUS inayothibitisha wafanyakazi inaweza pia kumpangia kila mmoja VLAN yake, kwa hiyo mhasibu na muuzaji sasa huingia kwa jina lilelile, lakini hawakutani.