Saa ya zamani isiyong'aa gizani bado ina mionzi

Tukikagua karakana, mafundi saa na wanaofungua mita za ndege na magari ya zamani ya jeshi hutujibu hivi: "Mkaguzi, hii haiwaki tena gizani, mionzi yake imeshakufa." Kauli hiyo si kweli, na anayeumia kwanza ni fundi mwenyewe.

Rangi ya namba na mishale ya saa nyingi za nusu ya kwanza ya karne iliyopita ilichanganywa radiamu na zinki salfaidi. Radiamu hutoa mionzi, zinki salfaidi ikipigwa na mionzi hiyo inang'aa. Kinachochakaa mapema ni zinki salfaidi. Radiamu yenyewe, ya aina iitwayo radiamu-226, huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo mionzi inabaki hata mng'ao ukiisha.

Wasichana waliopaka rangi hiyo kiwandani Orange, New Jersey, Marekani, walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo, wakahakikishiwa kwamba haina madhara. Mwili huipokea radiamu kama kalsiamu na kuiweka mifupani. Meno yaling'oka, mataya yakaoza, wengine wakapata saratani ya mifupa. Daktari Harrison Martland alieleza chanzo mwaka 1925, na watano kati yao walilipwa fidia mwaka 1928 baada ya kushtaki. Leo hakuna fundi anayelamba brashi. Lakini anayekwangua rangi kwa wembe, akapuliza vumbi kwa mdomo, kisha akala chapati kwenye meza hiyo hiyo, anaiingiza mwilini vilevile. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Kwa Tanzania, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inadai kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki kwa kazi za vyanzo vya mionzi, na kuikiuka ni kosa la jinai. Kwa viwango vya kimataifa, mfanyakazi hatakiwi kuzidi wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka katika miaka 5 mfululizo, wala 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1. Mwajiri apime, aandike na atunze kumbukumbu. Beji ya kupimia mionzi inayovaliwa kifuani haisomi vumbi ulilovuta au kumeza, kwa hiyo beji safi si ushahidi kwamba uko salama.

Si kila kinachong'aa ni hatari. Rangi za sasa za strontiamu alumineti hazina mionzi. Saa ya babu iliyo kabatini, kioo kizima, iache ilivyo, usiifungue.

Ikipasuka, usifagie wala kupuliza. Vaa glavu, futa kwa kitambaa kibichi, tia saa na kitambaa kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, nawa mikono, kisha itaarifu Tume. Usimuuzie mtu wa chuma chakavu.